Kusikiliza Jazi kwa Pamoja Mjini Moshi: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha na Kuendesha Kikao

Kikao chetu hukutana Jumapili ya pili ya kila mwezi, saa tisa alasiri, sebuleni kwa mwenzetu mmoja huko Rau. Kwa muda wa saa mbili na nusu tunasikiliza albamu moja tu ya jazi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tunaizungumza. Tulianza tukiwa wanne. Katika miezi ya mwanzo tulikosea mambo mengi ambayo yangeepukika kama tungekuwa na mtu wa kutuelekeza, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya yeyote aliye Moshi, Arusha, Marangu au Usa River ambaye ana albamu chache anazozipenda sana na hana wa kuzungumza naye.

Kanuni inayobeba mengine yote ni moja: kila kauli kuhusu muziki irudi kwenye sauti. Mtu akisema mpiga piano fulani ni mkubwa kuliko mwingine, aoneshe ni wapi, dakika ya ngapi, na wote warudi pale wakasikilize. Kikao kinachoishika kanuni hii hudumu, na kisichoishika hugeuka kuwa mashindano ya kukumbuka majina.

Hatua ya kwanza: Kubaliana mnasikiliza nini

Neno jazi, kwa Mtanzania wa umri fulani, halimpeleki New Orleans wala New York. Linampeleka kwenye Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz, na zile za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, yaani kwenye muziki wa dansi wenye magitaa, saksofoni na uimbaji wa Kiswahili, ambao undugu wake na rumba ya Cuba na ya Kongo ni wa karibu zaidi kuliko undugu wake na muziki wa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani. Sisi hatukulitafakari jambo hilo. Katika mkutano wetu wa pili alikuja mzee mmoja mstaafu, amebeba mfuko wa santuri ndogo za mizunguko 45 alizozihifadhi tangu ujana wake, kwa kuwa tulimwambia kutakuwa na jioni ya jazi. Alikaa kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, “Wanangu, nimesikiliza, lakini jazi niliyoifuata sijaiona.” Kosa lilikuwa letu, na tulimwomba radhi.

Tangu siku ile tunaanza kila kikao kwa wimbo mmoja wa dansi, mara nyingi kutoka kwenye mfuko ule ule wa mzee, na tumegundua kwamba huo ndio mlango bora wa kumwingizia mgeni. Anayeujua muziki wa dansi anajua kwamba waimbaji humaliza beti zao, kisha hufika mahali pa chemko ambapo gitaa la solo huachiwa lizungumze, huku besi na rithimu vikiendelea kuzunguka pale pale. Mwambie kwamba katika jazi ya kawaida wimbo wenyewe hupigwa mwanzoni na tarumbeta na saksofoni, kisha kila mpigaji huachiwa zamu yake ya kubuni papo hapo juu ya mzunguko ule ule wa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na mwishoni wote hurudi kwenye wimbo. Akishaushika mzunguko huo, hatapotea tena katika nusu ya albamu utakazompigia.

Hatua ya pili: Watu na siku

Watu watano hadi tisa wanatosha. Wakizidi hapo, wapole hawatapata nafasi ya kusema. Jitahidi uwe na angalau mtu mmoja anayepiga chombo, na hapa Kilimanjaro hilo halina ugumu, kwa maana sharika za Kilutheri zina vikundi vya matarumbeta vya miaka mingi. Tulimkaribisha kijana mmoja mpiga tarumbeta wa usharika wake, ambaye hakuwa amewahi kusikia hata wimbo mmoja wa Miles Davis, na kwa mwezi mmoja alitufundisha kusikia mambo ambayo sisi tuliokuwa tukisoma kuhusu jazi kwa miaka ishirini hatukuyasikia.

Siku iwe Jumapili baada ya ibada na chakula, isigongane na vikao vya harusi, na ikitokea msiba kwa mwanakikao, ahirisheni bila mjadala. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mvua ikishaanza kunyesha juu ya mabati hamtasikia besi wala brashi za dramu. Sisi miezi hiyo huhamia kwenye nyumba yenye dari nzito, hata kama ni ndogo.

Hatua ya tatu: Chumba na vyombo

Vyombo vya bei kubwa havihitajiki, lakini vyombo vilivyopangwa vizuri vinahitajika sana. Sabufa nyingi zinazouzwa madukani hutoka zikiwa zimeongezwa besi kwa ajili ya muziki wa kucheza, na ukipigia jazi humo utasikia mvumo mmoja mzito unaofunika piano. Punguza kitufe cha besi karibu hadi chini, kisha kipandishe polepole mpaka usikie kila noti ya besi ikianza na kuisha peke yake. Hapo simama. Spika mbili ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, ziachane kama hatua tatu, zisibanwe kwenye kona za chumba. Pazia nzito, zulia, hata vitenge viwili vilivyotundikwa ukutani hupunguza mwangwi wa ukuta wa saruji kwa kiasi ambacho kila mtu atakisikia.

Albamu ipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye flashi au kwenye simu, wala isitegemee bando la siku hiyo, kwani hakuna linalovunja moyo kama solo kukatikia katikati. Umeme nao huweza kukatika, kwa hiyo spika moja ya kuchaji iwe tayari pembeni, imejaa.

Kwa wenye santuri, shika kingo tu, usiguse mifereji. Zihifadhi zikiwa zimesimama kama vitabu rafuni, kwa kuwa zikilazwa zikapangwa juu kwa juu hupinda. Na kamwe usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Vumbi la hapa ni jingi, basi futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo kwa kufuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha lebo ya katikati. Ukipata santuri za zamani sana za mizunguko 78 kwa dakika, usizipige kwa sindano ya santuri za kawaida, kwa sababu mifereji yake ni mipana na inataka sindano yake. Upande mmoja wa santuri hizo huchukua kama dakika tatu tu, na ndiyo maana kazi za Louis Armstrong za miaka ya 1920 ni fupi kiasi kile: santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilianza kuuzwa mwaka 1948, na kabla ya hapo mwanamuziki alilazimika kusema yote aliyonayo ndani ya dakika tatu.

Hatua ya nne: Albamu za kuanzia

Usianze na albamu unayoipenda kuliko zote. Anza na ile inayomruhusu mgeni kuingia. Sisi sasa tunafungulia na albamu ya Ella Fitzgerald na Louis Armstrong ya mwaka 1956, ambamo wawili hao wanaimba kwa utulivu wakisindikizwa na mpiga piano Oscar Peterson na wenzake, kwa sababu sauti ya binadamu haihitaji utangulizi. Mwulize kila mmoja ni wapi Armstrong anaacha kuimba na kuanza kupiga tarumbeta, na kama anaona tofauti ya tabia kati ya sauti yake na tarumbeta yake. Wengi husema ni mtu yule yule anayeendelea na sentensi ile ile.

Baada ya hapo ndipo iletwe Kind of Blue ya Miles Davis, na hapa ningependa mtu asiwe na haraka. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, na ndani yake wamo John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksofoni, Bill Evans kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye dramu. Katika kipande cha kwanza, besi ndiyo inayouliza, na vyombo vingine vinajibu kwa kodi mbili fupi, kama mwimbishaji na waitikiaji. Subirini mpaka karibu dakika moja na nusu, pale Miles anapoingia na solo yake: wakati huo huo Jimmy Cobb anagonga toazi mara moja, na mlio wake unatanda na kufifia polepole huku mwendo mzima wa wimbo ukibadilika chini yake. Tulirudia sekunde zile kumi mara saba. Kijana wetu wa tarumbeta alituomba radhi tena na tena, “Wazee wangu, mara moja tu ya mwisho,” na kila mara mtu mmoja alisikia jambo jipya.

Ni yeye pia aliyetujulisha kwamba katika kipande cha tatu Miles ameweka kiziba cha chuma kwenye mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta, na kwamba ile sauti nyembamba inayosikika kana kwamba anakunong’oneza sikioni inatokana na kupiga karibu sana na maikrofoni. Kipande cha pili nacho kina jaribio zuri la masikio: mpiga piano humo si Bill Evans bali ni Wynton Kelly, ambaye alishiriki katika kipande hicho kimoja tu. Usiwaambie wanakikao. Waulize kama wamesikia kuna mgeni ndani ya nyumba, na waeleze wameona nini.

Kuna jambo moja la kiufundi linalozua ubishi usio na sababu. Mashine iliyorekodi siku ya kwanza ilikuwa ikienda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwa hiyo katika matoleo ya zamani vipande vitatu vya mwanzo, vikipigwa kwa mwendo wa kawaida, vinasikika juu kidogo ya sauti halisi, jambo ambalo lilisahihishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Wawili wakibishana kuhusu noti huku mmoja ana toleo la zamani na mwingine ana jipya, wote wawili wanasema kweli.

Time Out ya mpiga piano Dave Brubeck, ya mwaka huo huo wa 1959, inafaa kwa kikao cha tatu kwa sababu inawafanya watu watumie mikono. Kipande chake maarufu, alichokitunga mpiga saksofoni wake Paul Desmond, kina mapigo matano. Wapigie watu makofi kwa kuhesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili, mpaka kila mtu ameshika, ndipo uwashe muziki. Kipande cha kwanza cha albamu kina mapigo tisa, ambayo Brubeck aliyasikia kwa wanamuziki wa Uturuki: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Mama mmoja wa kikao chetu, ambaye hupiga kayamba kwaya, alikishika kabla ya sisi sote.

Mingus Ah Um ya mpiga besi Charles Mingus, nayo ya 1959, niliiogopa kwa ajili ya wageni, na nilikosea. Kipande chake cha kwanza kina makelele na makofi ya ibada ya kanisani, na hakikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili. Ndani yake pia kuna wimbo wa maombolezo kwa ajili ya Lester Young, mpiga saksofoni aliyefariki Machi mwaka huo, na kipande kinachomshambulia Orval Faubus, gavana wa Arkansas, ambaye mwaka 1957 alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shuleni Little Rock. Historia hiyo isimulieni baada ya kusikiliza, wala isitangulie.

Kuhusu albamu ngumu zaidi, kama zile za mpiga saksofoni Ornette Coleman, subirini mwaka mmoja.

Hatua ya tano: Kusikiliza

Albamu isikilizwe nzima. Santuri ndefu ina pande mbili zenye kama dakika ishirini kila upande, na wanamuziki walizipanga wakijua kwamba msikilizaji atainuka katikati kuigeuza. Kwa hiyo hata mnapotumia simu, simamisheni mahali ambapo upande wa kwanza ulikuwa ukiisha, nyosheni miguu, kisha endeleeni. Simu zote zizimwe mlio na kuwekwa kifudifudi. Kahawa iwe imeshamiminwa kwenye vikombe. Karanga za maganda zisubiri, kwa sababu mlio wa ganda moja likipasuliwa unatosha kuficha brashi za mpiga dramu kwa sekunde mbili nzima, na mbege nayo isubiri mpaka mwisho wa mazungumzo.

Kila mtu awe na kipande cha karatasi na aandike dakika tu, bila maelezo: 1:32, 4:10, 7:05. Maelezo yanamwondoa mtu kwenye muziki, lakini namba haimchukui hata pumzi moja, na baadaye itamrudisha pale pale.

Hatua ya sita: Mazungumzo

Muziki ukiisha, kaeni kimya dakika moja kamili. Dakika hiyo ni ndefu kuliko mnavyodhani, na ni ya lazima.

Kisha wadogo na wageni waanze kusema, wazee wamalizie. Katika desturi zetu mzee akishatoa kauli, kijana hatapinga, hata kama amesikia tofauti. Atainamisha kichwa na kusema ndiyo, na kikao kitakuwa kimepoteza sikio moja. Mzee wetu wa santuri alilikubali jambo hili kwa moyo mweupe, na tangu hapo husema mwisho, mara nyingi akianza kwa kumnukuu kijana aliyetangulia.

Kila mmoja ataje jambo moja tu katika mzunguko wa kwanza, pamoja na dakika yake. Hukumu za jumla, kwamba albamu hii ni bora kuliko ile au kwamba Coltrane ni mkubwa kuliko mpiga saksofoni mwenzake Sonny Rollins, ziwekwe pembeni mpaka mzunguko wa pili, na hata hapo anayezitoa aambiwe kwa upole, “Kaka, tupeleke mahali hapo.” Akishindwa kutaja mahali, kauli yake haikataliwi, inaandikwa tu kwamba inasubiri ushahidi. Mtu akisema albamu imemchosha, mshukuruni na mwulizeni ni wapi alipoanza kuchoka. Jibu la swali hilo limetupa mazungumzo bora kuliko sifa zote, kwa sababu mahali mtu anapochoka mara nyingi ndipo muziki ulipoacha kurudia na kuanza kumdai asikilize kwa namna nyingine.

Aliyeleta albamu asizungumze zaidi ya dakika tano kabla ya kuiwasha. Mimi niliwahi kuzungumza karibu saa nzima juu ya maisha ya mwanamuziki, na muziki ulipoanza watu walikuwa tayari wanasikiliza nilichosema badala ya kusikiliza kilichopigwa.

Hatua ya saba: Daftari

Daftari moja la kaunta linatosha. Andikeni tarehe, jina la albamu, mwaka wa kurekodiwa, wapigaji wote na vyombo vyao, dakika zilizotajwa, na ubishi ambao haukuisha. Ukurasa huo ndio utakaowakumbusha, baada ya miaka miwili, kwamba mlisikia jambo ambalo sasa hamlisikii tena, au kinyume chake.

Hatua ya nane: Kikao cha tarehe 9 Desemba

Desemba watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na wengi wao huwa na albamu ambazo hatuna. Sisi tumeifanya tarehe 9, siku ya Uhuru, kuwa kikao kikubwa cha mwaka, na albamu zake mbili hazibadiliki.

Ya kwanza ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, takriban mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu, kwa upangaji wa muziki wa Melba Liston. Ndani yake wamo Max Roach, Yusef Lateef, Clark Terry na Babatunde Olatunji. Mwanzoni kabisa, kabla vyombo havijashika kasi, linasikika shairi la Langston Hughes likisomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Msimwambie mgeni. Mzimie taa, washa muziki, mwache aisikie lugha yake ikitoka katika studio ya New York ya mwaka ule. Mara ya kwanza tulipoipiga, mzee wetu aliinua mkono taratibu kama mtu anayeomba ruhusa darasani, akauweka kifuani, na hakuushusha mpaka msomaji alipomaliza.

Ya pili ni A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa New Jersey tarehe hiyo hiyo, 9 Desemba, mwaka 1964, akiwa na McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones. Ni ya dakika thelathini na tatu hivi, katika sehemu nne, na inajengwa juu ya noti nne ambazo besi inaziweka mapema, Coltrane anazizungusha katika kila ufunguo, yaani akizianzia juu au chini zaidi kila mara, na karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza sauti ya binadamu inazitamka. Katika sehemu ya mwisho saksofoni inasoma shairi la shukrani kwa Mungu ambalo Coltrane aliliandika na kulichapisha kwenye jalada la albamu, neno kwa neno, bila kuimba. Chapisheni shairi hilo, mpe kila mtu nakala, na mfuate mistari kwa kidole kadiri saksofoni inavyosonga. Mtapotea mara ya kwanza. Rudini mwanzo wa sehemu hiyo, na mara ya pili kidole na saksofoni vitafika mstari wa mwisho pamoja.

Kwa hao wanaotoka Dar, wapigieni simu mwishoni mwa Novemba, mapema kabla hawajafunga mizigo, muwaombe santuri zao wazisimamishe katikati ya nguo ndani ya sanduku, na sanduku lenyewe wasafiri nalo ndani ya basi, lisiwekwe kwenye buti.